Muhuri Haulazi Wimbi

Muhuri haulazi wimbi. Mmeisikia hapo mnadani mkacheka, sasa mmenizunguka mnataka kujua nani aliisema kwanza. Alikuwa mwanamke, na wala hakuwa akitunga methali. Ilianza hivi.

Upande wa Majita, kila mwaka watu walishindana kuogelea kutoka ufukoni mwa ziwa hadi Jiwe la Minandi, mwamba ulio majini, na kurudi. Walianza alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Kabla ya yote, Nyakwesi, mke wa Masatu, alisimama majini hadi magotini muda wa kuiva ugali. Akitoka alisema "twende" au "leo hapana," na hakuna aliyebisha.

Mwaka huo akaja mtendaji mpya wa kijiji, viatu vinang'aa kuliko akili. Akaandika ratiba: kuogelea saa saba mchana, mgeni rasmi akishakula. Wakubwa mnawajua wenyewe, shibe yao ndiyo saa yetu. Zawadi ilikuwa mabati thelathini. Masatu hakuweza kuyaondolea macho. Nyumba yake ilivuja hadi kitandani, na hapakuwa na wa kumshinda mkewe.

Saa saba ziwa lilimetameta kama sinia. Nyakwesi akasimama majini, akatoka, akaketi mchangani.

"Leo hapana."

Waogeleaji wote wakaketi nyuma yake.

"Maji yametulia, mama!" mtendaji akafoka. "Na ratiba ina muhuri wa ofisi!"

"Basi kapige muhuri wimbi, baba, tuone kama litalala."

Watu wakaangua kicheko. Mtendaji akamgeukia Masatu. "Mzee, sema na mkeo. Mabati hayo!"

Masatu akachuchumaa kando ya mkewe. "Mama Bwire, ni kwenda na kurudi tu. Unaogelea kuliko kambare."

"Kambare hana mume wa kumpikia. Tia mguu wako kwanza."

Masatu akatia. Magotini maji yalikuwa vuguvugu. Nyayoni yaliuma kwa baridi, kama ya mtungini.

"Huko chini ziwa limeshageuka," Nyakwesi akasema taratibu. "Upepo uko njiani. Sasa niambie niende, nitakwenda."

Masatu akayatazama mabati. Akazitazama mvi mbili tatu zilizochungulia kwenye kitambaa cha mkewe. Akaketi ubavuni pake.

"Nyumba na ivuje," akasema. "Bora tulowe wawili."

Mtendaji, kwa hasira, akapanda mtumbwi wa mashine ili awaaibishe. Hakufika mbali. Upepo ulikuja kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, mtumbwi ukabinuka, na hao hao waliogoma ndio waliomtoa, Nyakwesi akiwa mbele na kamba kiunoni. Ratiba ilikuwa mfukoni mwa mtendaji. Wino wa muhuri ulikuwa umetapakaa shati zima. Hakuomba radhi. Mliwahi kuwasikia wakiomba? Jioni akaondoka na mabati yake.

Masika yale nyumba ilivuja vibaya. Masatu alihangaika na sufuria kukinga matone, na Nyakwesi, amejikunyata kitandani, alimcheka: "Na hapa, mume wangu! Na hapa tena!" Naye alikinga hapo, akakinga na pale, bila kununa hata kidogo, maana alijua kicheko kile kilivyoponea chupuchupu kubaki ziwani. Mwenye wa kumcheka hana nyumba mbovu, wanangu. Hilo nalijua mimi.

Wakubwa waacheni na karatasi zao. Ninyi tieni mguu kwanza. Muhuri haulazi wimbi.