Maji Hayangoji Soga

Maji hayangoji soga. Nimeisema mara moja tu, nanyi mmeacha kuchambua maharage mnaniuliza nimeitoa wapi. Haya, mikono iendelee, masikio yananitosha. Methali hii ilizaliwa huku huku kwetu Upareni, na aliyeizaa ni babu yangu Kajiru.

Soga mnalijua: maneno matamu yasiyo na kazi. Kajiru alikuwa bingwa wake.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakiwa yanabeba. Maji yaliyobaki ni ya ndiva, bwawa letu la mlimani, na kila shamba lilipewa zamu moja kwa juma. Zamu ya Kajiru ilipofika alipanda asubuhi, akazibua. Desturi ni kwamba ukishazibua unashuka mbio na jembe, uyawahi maji, uyageuzie kwako. Njiani akamkuta rafiki yake Senzota.

"Kaa nikupe moja tu," akasema Senzota. Moja ikazaa saba.

Maji hayakukaa. Yalilipita shamba la Kajiru, yakayapita na mengine, yakashuka hadi la mwisho kabisa, la mjane Nakijwa. Tangu ukame uanze hayakuwahi kufika huko.

Kajiru aliposhuka alikuta mfereji mtupu. Akafuata tope hadi bondeni, akakuta watu wamesimama, mikono vifuani. Shamba la Nakijwa lilikuwa linang'aa maji, na mwenyewe amepiga magoti humo, analia.

"Mama, hayo ni maji yangu!"

"Ni yako, baba. Zamu zangu zote nimesimama hapa na jembe, hata tone sikuliona. Leo nilikuja kuyaaga mahindi tu. Nikasikia maji yanakuja. Ningeyafukuza?"

Kajiru aligeuka akatazama mlimani. Kule juu ndiva ilikuwa imekwisha.

Mahindi yake yalikauka kabla ya zamu nyingine. Siku ya mavuno Nakijwa alimletea vikapu viwili, na baba yangu, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, alikuzwa kwa uji wa mahindi hayo. Mpaka leo naufikiria mwendo wa maji yale. Nani aliyaonyesha njia?

Kajiru alivipokea vikapu kwa mikono miwili. Watu wakangoja hotuba, maana walimjua. Akasema maneno matatu tu:

"Maji hayangoji soga."