Ua Lisilomngoja Mtu

Kulikuwa na wakati ambapo maua hayakuweza kuishi peke yake. Kila ua lilihitaji mkono wa mtu: limwagiwe maji alfajiri, lilegezewe udongo jioni, likingwe dhidi ya mbuzi kutwa nzima. Likikosa maji siku moja, lilikufa. Kwa sababu hiyo, katika kilima chote cha Ishinde palikuwa na bustani moja tu ya maua. Mwenye bustani alikuwa Nakijwa, mke wa Mbonea mchonga mizinga ya nyuki.

Watu wa Ishinde walipenda maua. Hawakufanya arusi bila maua, wala hawakumtoa mtoto mchanga nje bila maua. Kupanda hawakutaka. Walifika uani kwa Nakijwa, wakachuma, wakaenda zao. "Ua halina mwenyewe," walisema, kana kwamba maji yalipanda kilima yenyewe kutoka mtoni. Nakijwa hakumkataza mtu. Aliyetaka kujifunza alimfundisha namna ya kulainisha udongo, kina cha kuzika mbegu, na wakati wa kuhamisha mche. Wengi walimsikiliza mpaka alipotaja mtungi wa maji, kisha wakakumbuka kazi nyingine.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, Nakijwa alishikwa na homa. Mganga aliyeijua homa ile aliishi bondeni, naye alikuwa mzee asiyeweza tena kupanda mlima. Mgonjwa alipaswa kupelekwa kwake kwa machela, na machela hubebwa na watu wanne. Mbonea alikuwa mmoja. Alihitaji watatu.

Alianza kwa jirani yake Kajiru, ambaye alikuwa akijiandaa kumwoza binti yake.

"Ndugu yangu, si unaona mwenyewe nyumba ilivyojaa?" alisema Kajiru. "Arusi ikiisha, mimi nitakuwa wa kwanza kushika mti wa machela."

Mkewe Nasemba alidakia kutoka jikoni. "Shemeji, mwambie mwenzio asitufie kabla ya arusi! Maua tutayapata kwa nani?"

Wanawake waliokuwa wakichambua kunde wakacheka. Ulikuwa mzaha, na Mbonea alijua kuwa ni mzaha. Hakucheka.

Alizunguka kilima kizima siku ile. Kila mlango ulikuwa na udhuru, na kila udhuru ulikuwa arusi. Aliporudi nyumbani alikuta wasichana bustanini, vikapu vimejaa. Walimwamkia kwa adabu na kuendelea kuchuma. Ndani, Nakijwa, ambaye hakuweza tena kuinua kichwa, aliuliza kama maua yamepata maji. Mbonea alimjibu kwamba yamepata.

Nakijwa alifariki siku ya arusi, ngoma zikisikika.

Mazishini walikuja watu wote wa Ishinde. Walikuja wanaume wa kutosha kubeba machela kumi, kila mmoja na fungu la maua mkononi. Maua hayo yalikuwa yamechumwa katika bustani ya marehemu, maana hapakuwa na nyingine. Kajiru alitangulia. Mbonea alisimama mbele ya kaburi akawazuia.

"Mmeleta nini?"

"Maua, ndugu yangu. Tumekuja kumpa heshima."

"Maua ya nani?"

Kajiru aliyatazama maua mkononi mwake.

"Ni yake. Mmemchumia maua yake mwenyewe, mnamletea kama zawadi. Nilitafuta watu watatu, Kajiru. Watatu. Leo mko wangapi hapa? Yawekeni chini, hapo njiani, mrudi kwenu."

"Mwacheni," alisema mzee mmoja kwa sauti ya chini. "Ni uchungu wa kufiwa huo. Utapoa."

"Hautapoa," alisema Mbonea.

Walipokwisha kuondoka, aliingia bustanini. Palibaki mashina matupu, isipokuwa mmea mmoja mfupi pembezoni, wenye maua ya rangi ya waridi yenye petali tano. Hakuna aliyeuchuma kwa kuwa vikonyo vyake havikufaa kufungwa fungu. Mbonea aliung'oa pamoja na mizizi, akaupanda juu ya kaburi, katika udongo mkavu wenye changarawe. Hakuumwagia maji.

"Kesho sitakuja," aliuambia, "wala keshokutwa. Usimngoje mtu. Aliyekulea alingoja watu, na umeona. Ishi kwa umande. Atakayekutafuna akuteme. Atakayekuchuma asikufikishe kwake."

Ua lile lilikuwa limelelewa na Nakijwa tangu mbegu, nalo lilikuwa na hasira yake lenyewe. Lilisikia. Lilisukuma mizizi kati ya changarawe mpaka ikapata unyevu ambao hakuna ua lililowahi kuutafuta. Lilitia uchungu katika utomvu wake, na mbuzi wa kwanza kulionja alitikisa kichwa akakimbia. Mashina yaliyobaki bustanini yalikauka yote. Lenyewe lilichanua.

Arusi nyingine ilipofika, Nasemba alikwenda kuchuma pale kaburini, kwa kuwa kilimani hapakuwa na ua jingine. Petali zilipukutika moja moja njia nzima, naye akaingia uani kwake ameshika vikonyo. Alimfuata Mbonea, aliyekuwa akichonga mzinga.

"Shemeji, ua gani hili lisiloshikika?"

Mbonea hakuinua kichwa. "Waulize waliolifundisha."

Na tangu siku hiyo ua lile huota popote: mchangani, katika ufa wa ukuta, kando ya barabara, na zaidi makaburini. Mbuzi hupita wasiliguse. Ukilichuma, halikai. Ninyi mnaoanza kupanda maua hupewa mche wake kwanza, kwa sababu halitawafia hata mkilisahau, na nawasikia mkilisifu kuwa ni ua jepesi, lisilo na makuu. Hamlijui. Halijamsamehe mtu hata mmoja. Limekataa tu kumhitaji.