Gitaa la Mzee Magoma

Hadithi nawapa, hukumu nawaachia.

Korogwe palikuwa na bendi kongwe ya dansi, Lwengera Jazz, na mtindo wake uliitwa Tia Chumvi. Mwimbaji na mpiga gitaa la solo alikuwa Mzee Magoma. Bendi ilikuwa imechoka kama yeye, na kama bado ilipumua, ni kwa sababu ya mashabiki watatu.

Kibwana alijaliwa mikono. Spika zikianza kukoroma, huzifungua, huzipuliza vumbi, na muziki unarudi.

Nyamizi alijaliwa miguu. Akiingia kati kucheza, ukumbi mzima huinuka, hata wenye magoti mabovu.

Tatu alijaliwa kumbukumbu. Wimbo akiusikia mara moja, haumtoki. Magoma alipoanza kusahau mashairi, Tatu alisimama chini ya jukwaa akimtamkia maneno kwa midomo, na mzee akaimba bila watu kujua. Tatu naye alikuwa na lake. Katika wimbo mmoja wa zamani Magoma alimtaja mumewe, "Abeid wa Manundu," kama bendi zinavyowataja mashabiki wao. Abeid alishakufa. Ni pale ukumbini tu jina lake lilipoitwa bado, na watu wakaitikia.

Basi Magoma akatunga wimbo mpya. Hauna kiitikio, hauchezeki, gitaa linahangaika peke yake. Mazoezini mashabiki wakabishana.

"Huu ndio muziki!" alisema Kibwana. "Miaka yote tunatafuna kitu kilekile. Mzee, Jumamosi fungua nao dansi. Usiwaogope."

"Utauchezaje huo?" aliuliza Nyamizi. "Mimi siji ukumbini kusikiliza mawaidha."

"Tia Chumvi ibaki Tia Chumvi," alisema Tatu. "Mkianza hivi, kesho nyimbo zetu mtazitupa."

Magoma akawaangalia. "Wanangu, hizo nimezipiga mpaka nimezikinai. Nisikilizeni mara moja tu kabla sijafa."

Jumamosi alifungua nao dansi, kama Kibwana alivyomshauri, watu hata hawajachangamka. Nyamizi akaketi, akakunja mikono. Wengine walipomwona, nao wakaketi. Kwenye ubeti wa pili mzee akasahau maneno, akamtazama Tatu.

Tatu aliyajua yote. Lakini midomo yake ikatamka: Abeid wa Manundu.

Mzee, kwa mazoea, akaimba hayohayo. Bendi ikamfuata kwenye wimbo ule wa zamani, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, Nyamizi akajitupa kati. Tatu alilisikia jina la mumewe likiitikiwa na kila mtu, na halikumpa raha hata chembe. Magoma alikuwa akiimba huku machozi yanamtiririka.

Hakupanda jukwaani tena. Alipougua alimwambia mkewe, "Gitaa langu apewe shabiki aliyenipenda kuliko wote." Akafa, na wimbo wake hakuna aliyeusikia ukumbini mpaka mwisho.

Matanga hayajaisha, ugomvi ukaanza.

"Mimi ndiye niliyemwamini," alisema Kibwana.

"Ulimpeleka kuaibika," Nyamizi alimjibu. "Mimi sikumdanganya. Sikuupenda, nikakaa."

"Nami nilimpenda," alisema Tatu. Wimbo ule sasa uko kichwani mwake tu, na hajamwimbia mtu.

Mjane wa Magoma amelishika gitaa, anawatazama. Mmoja alimsukuma, mmoja alimsusa, mmoja alimnyang'anya maneno mdomoni, na wote watatu wanaapa walimpenda. Je, wewe ungempa nani?