Dungu la Mpakani

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili na bonde moja la mpunga. Alipofariki, bonde liligawanywa kwa tuta katikati: upande wa mtoni akapewa mdogo, Kasiani, na upande wa barabarani akapewa mkubwa, Athanasi. Pande zililingana. Lakini kila Athanasi alipotupa jicho ng'ambo ya tuta, mpunga wa mdogo wake aliuona umestawi kuliko wake, na roho ikamuuma. Hakumwambia mtu. Alikaa nayo hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Juu ya tuta palijengwa dungu, yaani kichanja kirefu cha kulindia ndege, na hapo ndugu hao wakampandisha mtu mmoja aitwaye Fulgensi. Kazi yake ilikuwa kupiga debe kweleakwelea wakitua, na kutaja kwa sauti jina la mwenye upande waliotua. Kuwafukuza hakukumhusu. Aliyetajwa ndiye aliyepaswa kutoka mbio na kombeo lake, yeye na watu wa nyumbani kwake, maana mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka mzima.

Sasa oneni wivu unavyofanya kazi. Debe lilipolia akatajwa Athanasi, alitoka akiwafukuza ndege huku ananung'unika, "Ananitangaza huyu! Anataka kijiji kizima kijue shamba langu linaliwa." Debe lilipolia akatajwa Kasiani, Athanasi huyohuyo alibaki barazani roho inamchoma: "Mwone anavyomlindia mwenzake! Akitua kwake ndege mmoja tu, debe." Akisikia jina lake, ametukanwa. Akisikia la ndugu yake, amepunjwa. Msidhani Kasiani alikuwa na nafuu. Naye kule mtoni alisema maneno hayohayo, ila majina ameyageuza. Walikuwa wanalisikia debe moja.

Ikawa akafika mtafiti kutoka chuo kikuu, mwanamke aitwaye Editruda. Hakuja kuamua ugomvi. Alitaka kujua watu wenye kazi kama ya Fulgensi wanaamini nini, wanampenda nani, na kama mapenzi yao huingia katika yale wanayoyatangaza. Akapanda dunguni, akakaa naye tangu mpunga ulipochanua, akitazama kwanza ndege wametua wapi, kisha akisikiliza ni jina gani linatajwa. Siku moja akamuuliza bila kuzunguka, "Kaka Fulgensi, kati ya hawa wawili, moyo wako uko kwa nani?" Fulgensi angeweza kudanganya. Wenzake wengi wakiulizwa hapo husema hawana moyo kabisa. Yeye akajibu:

"Uko kwa Kasiani, dada. Ndiye aliyesimama nami nilipomzika mama. Lakini ndege hawaniulizi watue wapi."

Editruda akawaita ndugu wote wawili pale tutani, akawaeleza alichokiona, chote. Moyo wa mlinzi wao umeegemea upande mmoja, na mwenyewe hakuficha. Debe lake, hata hivyo, limefuata ndege, kwa huyu na kwa huyu. Akawaambia pia kwamba amewasikia wote wawili wakililalamikia debe hilohilo kwa maneno yaleyale, na kwamba jambo hilo inawapasa kulitafakari wakifika nyumbani. Hawakufika nalo nyumbani. Athanasi alikwishasikia neno la kwanza tu, akaruka: "Si nilisema mimi? Si nilisema?" Na Kasiani, badala ya kufurahi kupendwa, akanuna: kama anipendaye ananitangaza hivi, je, angenichukia ingekuwaje?

Basi kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yao, ndugu wale wakapatana katika jambo moja. Waliamua debe liwe la zamu. Akishatajwa Athanasi, ni lazima atajwe Kasiani kabla jina la Athanasi halijarudi, na kinyume chake. Wakaiita haki. Editruda aliwakataza, akasema ndege hawana zamu, nao wakamsikiliza kwa adabu, wakamshukuru na kumsindikiza hadi barabarani. Fulgensi wakamwambia akubali au ashuke. Fulgensi akakubali, nami simtetei. Alijua anachokubali, ila aliogopa kushushwa dunguni.

Ikafika asubuhi moja mpunga ukiwa unatia maziwa, wakati ambao kweleakwelea wanaupenda kuliko wakati wowote. Wingu la ndege likatua upande wa Athanasi. Jina la mwisho kutajwa lilikuwa lake, kwa hiyo zamu ilikuwa ya mdogo. Fulgensi aliwaona ndege kwa macho yake, akapiga debe, akaita, "Kwa Kasiani!" Kasiani akatoka mbio na watu wake, akakuta mpunga umetulia. Akatukana, akageuka kurudi, na katika kugeuka akawaona ndege wamejaa ng'ambo ya tuta, kwa kaka yake. Akasimama akatazama. Kitu kitamu kikampita moyoni, naye akaingia ndani asiseme neno.

Hapo ndipo Fulgensi akaita, "Kwa Athanasi!" Akaita mpaka sauti ikamkauka. Athanasi alikuwa barazani na uji wake. Alikuwa amesikia jina la mdogo wake likitangulia, na kijicho kikampanda. "Hata leo yeye kwanza," akamwambia mkewe. "Mimi naitwa kwa kujazia zamu tu. Hakuna ndege huko." Mkewe akamwambia, "Baba Fokasi, nenda hata ukaangalie." Hakwenda. Alimaliza uji wake.

Ndege walipomaliza upande wa barabarani, wakavuka tuta. Sasa Fulgensi aliita jina la Kasiani, na zamu ilikuwa yake kweli, lakini Kasiani alikwishadanganywa asubuhi ileile, hakutoka.

Jua lilipokuwa kichwani ndugu wawili walisimama chini ya dungu, kila mmoja amevunja suke mkononi, na masuke hayana kitu. Nyumba mbili zenye watoto, na chakula cha mwaka kimekwenda. Athanasi akainua uso akamlilia mlinzi: "Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita, kaka."

"Ulimwita yeye kwanza!"

Amesimama ndani ya njaa yake mwenyewe, na bado hilo ndilo lililomuuma.

Nawe uliyezima redio asubuhi ya leo kwa hasira, ukisema watangazaji wale ni wa upande wa pili: kabla hujazima, ulitoka kwenda kutazama shamba lako?