Betri ya Mgonjwa

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Mtaani kwao umeme ulikatika ulivyotaka wenyewe, kwa hiyo mama hakungoja yamfike. Akafungiwa sola na betri. Fundi akamwambia, "Mama, nimepiga hesabu. Umeme ukikatika, betri hii itambeba mzee mpaka kesho yake asubuhi, mradi usichomeke kingine chochote."

Siku moja umeme ukakatika mchana, mtaa mzima. Basi si mnatujua? Wageni wakamiminika kumjulia hali mgonjwa, na kila mmoja na chaja yake. "Pole, mama," huku mkono unatafuta soketi! Mama aliungua moyoni, lakini nani anataka kuitwa mchoyo na mgonjwa yumo ndani? Akawaacha wachomeke. Jioni kikaja kikundi cha maombi na spika yao kubwa, nayo ikachomekwa.

Wakaomba, ndugu zangu! "Bwana, mpe pumzi! Mwongezee pumzi!" Katikati ya maombi mashine ikaanza kulia, betri inaisha. Wao wakadhani mbingu zimefunguka, wakapandisha sauti. Mama akamtazama mumewe, akaona midomo inabadilika rangi. Akainuka, akachomoa spika, akazizoa chaja zote na kuzitupa uani.

Kiongozi wa kikundi akafoka, "Mama, unakatisha maombi?"

"Nakatisha! Mnamwombea pumzi, na pumzi yake mnainyonya kwa spika! Ombeni kwa midomo yenu, Mungu si kiziwi. Na mniite mchoyo mpaka mchoke. Huyu hafi leo kwa ajili ya heshima zenu!"

Mzigo ulipopungua, betri ikapata nafuu, mashine ikaacha kulia. Mzee akavuta pumzi. Mnadhani walisema Amina? Walinuna, wakaokota chaja zao, wakaondoka.

Sasa niulize, sisi tungekuwa nani mle ndani? Msijibu haraka. Tunamwombea mjane apate nguvu, kisha tunampangia zamu ya kupika kila Jumapili. Tunawaombea wazazi wetu uzima, na kila shida yetu tunaibwaga mlangoni kwao.

Wewe uliyeweka akiba kidogo kwa ajili ya uhai wa mtu, usione haya kukataa. Kataa mbele ya wageni, kataa hata mbele yangu mimi mchungaji. Na wewe unayeomba kwa sauti kubwa, Mungu alishakusikia tangu neno la kwanza. Chomoa.