Mto Mmoja wa Mtaa wa Laleni

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana magorofa yalikwishaanza kuota na mahakama zilikwishatiwa feni, palikuwa na mtaa ulioitwa Laleni. Watu wa Laleni kazi yao ilikuwa moja tu, kushona mito ya sufi. Misufi ilisimama nyuma ya nyumba zao, na kila kiangazi matunda yakipasuka, sufi iliruka ikatua juu ya mapaa, juu ya kope za watu, ndani ya vikombe vya chai. Mtu wa Laleni hakusumbuka kuitoa. Aliipuliza kando, akanywa.

Na mito ile, wenzangu, ilikuwa na jambo lake. Ukilalia mto wako, unamwota yule unayemtamani. Mwenye mume safarini alimwota mumewe. Mwenye njaa aliota pilau. Watu wa mitaa mingine walisema huo ni uzushi, halafu wakaja kununua.

Mto ulijazwa na yeyote, lakini mdomo wake ulifungwa na mtu mmoja, naye ni Bi Riziki. Kabla ya kushona, Bi Riziki aliinama akaweka midomo yake kwenye mdomo wa mto, akanong'ona jina la mwenye mto. Jina likishaingia halitoki. Ukiuazima mto wa mwenzako utalala, ndiyo, lakini utalala patupu. Ukiufumua, ndoto zimekwenda zake, na sufi ile haipokei tena jina. Ndivyo ilivyokuwa, na Bi Riziki hakuwahi kukosea jina.

Siku moja akaja mkandarasi na mashine zake. Alinunua kiwanja cha nyuma, ajenge gorofa la kugusa mawingu. Watu wa Laleni wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakampelekea maji ya kunywa. Akayanywa, akashukuru, akakata misufi, maana yote ilikuwa upande wake, ukabaki mmoja. Kisha akasimika mashine ya kuponda mawe, na hewa ikawa nyeupe.

Sasa sikilizeni kosa lao, maana ni kosa ambalo mtu wa mtaa mwingine asingeweza kulifanya hata angejaribu. Walipoona weupe umetanda, wakatabasamu. "Sufi ya mwaka huu imewahi," wakaambiana. Ikatua ndani ya chai, wakapuliza kando, wakanywa. Ikatua juu ya sufi waliyoianika uani, wakaikusanya yote pamoja, wakaijaza kwenye mito, wakaishona.

Wakalala. Hawakuota. Wakalala tena, wakaota mawe. Baadaye hata kulala kukawashinda. Kila aliyeweka kichwa mtoni alikohoa, na Laleni ikawa mtaa wa watu wanaotembea mchana kama waliosahau walikokuwa wakienda.

Palikuwa na binti mmoja jina lake Tunu, mfuaji nguo, mwenye kifua kibovu tangu utotoni. Huyo alikwenda kwa Bi Riziki asubuhi moja ya masika, mvua inanyesha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Bibi, msufi haujapasuka. Uko na matunda mabichi. Hii sufi inatoka wapi?"

Bi Riziki hakuinua hata uso. "Inatoka inakotoka. Nenda kafue."

Tunu akaenda nyumba ya pili, akasema yaleyale. Wakamcheka. Akaenda nyumba ya tatu, wakamwambia kukosa usingizi kumemgeuza akili. Maneno yakafika kwa waliomposa, nao wakatuma mtu kusema kwamba posa imeahirishwa. Mnajua wenyewe posa ikiahirishwa hurudi lini. Tunu hakunyamaza. Alikohoa akasema, akasema akakohoa, mpaka siku Bi Riziki alipotia sindano kwenye mto na sindano ikavunjika. Akautazama mto. Akatoka uani, akautazama msufi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye aliambiwa, na bado alichelewa. Aibu ilimshika mpaka shingoni.

Basi wote wakatia dole gumba kwenye karatasi, wakamshitaki mkandarasi.

Mahakamani wakili wa mkandarasi alisimama, amevaa suti iliyonyooshwa, sauti yake tamu.

"Mheshimiwa hakimu, hawa ndugu zetu wameishi na vitu vyeupe hewani tangu babu zao. Leo wakikohoa, jengo limekosa nini? Kikulacho ki nguoni mwako. Kwao kiko mtoni."

Watu wakacheka. Hata wa Laleni wengine walicheka, maana msemo ulikaa vizuri. Hakimu akawageukia. "Mnaweza kunionyesha kwamba sufi yenu ilikuwa safi kabla ya jengo?"

Mito yote ya zamani walikuwa wamekwishaitupa, kama desturi yao kila mwaka wakishashona mipya. Yote, isipokuwa mmoja.

Bi Mishi alisimama taratibu, amekumbatia kitu ndani ya kanga. Alikuwa mjane wa Kombo, na Kombo alikuwa kaka yake Bi Riziki, tumbo moja. Mto ule aliulalia tangu mumewe alipofariki, na kila alipojilaza adhuhuri Kombo alimjia ndotoni, akaketi miguuni pake, akamenya chungwa, akampa kipande. Hakusema neno. Alimenya tu. Laleni nzima ilipokosa usingizi, Bi Mishi pekee alikuwa bado analala, na watu walikuwa wakisimama dirishani pake kumsikiliza anavyopumua.

Akauweka mto mezani pa hakimu. "Huu ulishonwa kabla. Ufumueni."

Bi Riziki ndiye aliyepewa mkasi. "Wifi, umefikiri?"

"Nimefikiri. Kata, wifi, kabla sijafikiri tena."

Akakata. Sufi ikatoka nyeupe, laini, haina kishindo. Feni ikaibeba, ikazunguka juu ya vichwa vya watu, juu ya karani, juu ya wakili, na mahakama nzima ikanukia maganda ya chungwa. Kisha ikatoka dirishani. Bi Mishi aliifuata kwa macho mpaka ikaisha. Bi Riziki naye aliifuata, na alitamani kuita jina la kaka yake, asiweze.

Ukaletwa mto mpya, wa Tunu. Ulipofumuliwa, kilichotoka kiligonga meza. Hakuna aliyecheka.

Lakini wakili ni wakili. "Mheshimiwa, vumbi ni vumbi. Litakuwa la barabarani. Jengo letu limefunikwa turubai, mkaguzi ameliona kwa macho yake."

Hapo mtu akasimama nyuma, buti zake zina zege bichi. Mbaruku, kibarua wa jengo lilelile, na mkazi wa Laleni. Nyumbani alikuwa na kichanga ambaye hajafikisha siku arobaini.

"Turubai nalipandisha mimi," alisema. "Mkaguzi akija napandisha. Akiondoka nashusha, maana linachelewesha kazi. Nimefanya hivyo tangu tuanze. Vumbi hilo ni letu. Nimeliponda kwa mikono hii, na jioni nikarudi kwangu nikakohoa pamoja na wenzangu."

Msimamizi wake alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka. Alinyoosha tu kidole kuelekea mlangoni, na Mbaruku akajua kwamba kazi imekwisha.

Hakimu akaamua. Mashine ikapondee mawe mbali. Turubai lisishuke. Na ule msufi mmoja, ambao nao ulikuwa umewekewa alama ya kukatwa, usiguswe, uwe wa watu wa Laleni. Wakatoka wakipiga vigelegele na kukohoa.

Ila haki ni kitu kimoja na usingizi ni kingine. Hewa ilitulia, lakini mito yao ilikuwa mawe matupu. Wakangoja kiangazi. Msufi ulikuwa umemeza vumbi mwaka mzima, ukazaa kidogo, mzazi mgonjwa yule. Walipochuma, walipochambua, sufi ilitosha mto mmoja. Msimu mwingine utaleta nini, nani ajuaye? Huenda ukaleta sufi ya mito mingi. Huenda usilete.

Watu wa Laleni wakakaa, wakakubaliana. Apewe aliyetushindia kesi. Tusikie hata mtu mmoja analala. Na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake, na penye wengi pana mengi, wakasema achague anayefunga mdomo wa mto. Bi Riziki akakaa barazani na sindano yake, mto mapajani, mdomo wazi.

Akaja Tunu. "Bibi, mto ni wangu. Nani aliona? Mimi. Nani alichekwa? Mimi. Nani alivunjiwa posa? Mimi. Nisingesema, mngekuwa mnaupuliza kando mpaka leo. Sitaki kumwota mtu, bibi. Nataka kulaza kichwa nivute pumzi ifike mwisho."

Bi Riziki akakumbuka alivyomwambia nenda kafue. Akainua sindano.

Akaja Bi Mishi. "Wifi, mto ni wangu. Tunu alisema, lakini maneno hayakutosha. Nilikuwa na mto mmoja safi katika mtaa mzima, nikautoa ukatwe mbele ya watu. Wenzangu wamepoteza usingizi. Mimi nimefiwa mara mbili. Linong'one jina langu humo, Kombo atajua njia."

Bi Riziki akaisikia harufu ya chungwa, au alidhani ameisikia. Kama Kombo angerudi, angerudi mtaani kwao. Na yeye angeketi penye dirisha la wifi yake, asikilize. Lakini watu wangesema nini? Wangesema damu nzito kuliko maji. Akashusha sindano.

Akaja Mbaruku, amebeba mtoto. "Mama, mto ni wangu. Tunu alisema, Bi Mishi akafumua, na wakili akavijibu vyote viwili. Mimi hakunijibu. Najua mtasema nilishusha turubai kwa mkono wangu, na kweli nilishusha. Ndiyo maana nilipolisema, lilikuwa na uzito. Sasa sina kazi, na sijiombei. Namwombea huyu. Amezaliwa ndani ya vumbi, hajalala usingizi wa kweli hata siku moja. Hajui hata kwamba upo."

Tunu akamgeukia. "Kama si mkono wako, kifua changu kingekuwa kizima."

"Kweli," akasema Mbaruku.

"Na mtoto huyo anamtamani nani?" akauliza Bi Mishi. "Hajapoteza mtu. Kwenye mto wa ndoto ataota nini?"

"Sijui, mama. Wala wewe hujui."

Mtoto akakohoa. Tunu akakohoa. Bi Mishi akaangalia miguu yake, pale ambapo zamani palikuwa na mtu ameketi.

Wote watatu walikuwa wamechoka. Wakaketi barazani kungoja, wakaegemea ukuta, macho wazi. Upepo wa kiangazi ukaanza kuvuma. Unyoya mmoja wa sufi ukatoka mdomoni mwa mto, ukapanda. Wa pili ukafuata. Bi Riziki akauziba mdomo kwa kiganja, akahisi sufi inasukuma chini yake, inataka kwenda. Akijikawiza, mto wote utaruka na hakuna atakayelala. Uzi umo sindanoni. Akainama, akaweka midomo yake kwenye mdomo wa mto.

Jina likishaingia halitoki.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, mimi nalalia mto wa sponji na sioti kitu. Semeni upesi, upepo haungoji. Tunu aliyeona, Bi Mishi aliyetoa, au Mbaruku aliyekiri? Midomo ya Bi Riziki ingekuwa yenu, mngenong'ona jina la nani?