Fundi Aliyeikimbia Ndege Yake

Ukimwambia mtu mwenye pupa "kawia ufike," atakuona umezaliwa umechoka. Methali hiyo haimsifu mvivu hata kidogo. Inatufunza kwamba heri mtu achelewe njiani na mwisho afike aendako, kuliko akimbie halafu asifike kabisa. Fundi mmoja wa cherehani aliijua tangu utotoni, tena aliwatolea wateja wake kila mara nguo zao zilipochelewa. Yalipomfika mwenyewe, akaisahau.

Fundi huyo alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemlea kwa jasho lake tangu wazazi wao walipofariki. Binti huyo alikuwa anaolewa ng'ambo, na harusi ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Fundi ndiye aliyetakiwa kumshika mkono bibi harusi na kumwingiza ukumbini mahali pa baba yao. Basi alfajiri na mapema yeye, mkewe na binti yao wa miaka mitano, waliyempa jina la utani Kidosho, walikuwa wameshafika kiwanja cha ndege. Kwa kuwa fundi aliwaogopa wezi kama ukoma, alikuwa ameshona mfuko wa siri ndani ya koti la Kidosho, akatia humo pasipoti zote tatu.

"Nani atamshuku mtoto?" alijigamba.

Ndege ilikuwa iondoke saa mbili. Saa mbili ikawa saa tano, saa tano ikawa saa nane, na mizigo haijapokelewa. Kidosho alihesabu vigae vya sakafu mpaka hesabu zikamwishia, akalala juu ya begi, akaamka na kuuliza, "Baba, tumefika?" Abiria walimfokea karani pale dirishani, naye bibi wa watu alijibu lile lile: kuna kifaa kinabadilishwa, ndege itaondoka leo.

"Hawa wanatufanya watoto!" fundi alimaka. "Kuna ndege ya shirika jingine inaondoka saa tisa, na nafasi zipo. Twende zetu!"

"Baba Kidosho, kawia ufike," mkewe alimsihi. "Harusi ni kesho. Hata tukiondoka jioni tutawahi. Ndege haisukumwi kama mkokoteni."

"Wewe kaa na methali zako. Mimi nina mtu wa kumwoza!"

Akaifuta safari yao, akakata tiketi mpya, wakatoka mbio kuelekea upande wa pili wa jengo huku Kidosho akiburutwa mkono. Walipofika kwenye mizani, abiria wengine wote walikuwa wameshapita. Fundi akatoa pasipoti, zikakaguliwa, akazirudisha ndani ya koti la Kidosho.

"Mtoto anatota jasho, mvue hilo koti," mkewe akasema akihema.

Fundi akamvua, akalisokomeza begini, akafunga zipu. Begi likapanda mkanda, likaenda zake.

Hatua chache mbele, afisa wa uhamiaji akanyoosha mkono. "Pasipoti."

Fundi akajipapasa kifuani. Akajipapasa kiunoni. Akamtazama Kidosho aliyesimama na fulana iliyolowa.

"Baba," Kidosho akasema, "koti langu limeshaenda kwenye ndege."

"Salaala!" Mkewe alijishika kichwa. Fundi akamsihi afisa begi lirudishwe. Afisa akawapigia simu watu wa mizigo.

Begi liliteremshwa, naam, lakini lilipoletwa mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Fundi akarudi mbio kwa yule karani wa kwanza kuomba nafasi zao za awali. Karani akamkodolea macho.

"Si umezifuta mwenyewe? Nimewapa watu waliokuwa wakingoja. Wameshapanda."

"Na ndege nyingine?"

"Kesho jioni, mzee wangu."

Fundi akageuka. Kupitia kioo kikubwa aliiona ndege ile ile aliyoitukana mchana kutwa ikikimbia, ikiinuka, ikipotelea mawinguni. Hakuamini macho yake.

Saa mbili kasoro robo usiku, wakiwa bado kiwanjani na fundi hajathubutu kumpigia mtu, simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake.

"Kaka, mmepita mlango gani? Ndege yenu imetua zamani! Nimesimama hapa na maua, abiria wametoka wote, mpaka rubani."

Fundi akainua macho kumtazama mkewe.

"Kaka? Unanisikia? Kesho si unanishika mkono wewe?"

Mkewe akaichukua simu taratibu. "Wifi yangu, hatukuondoka," akasema. Upande wa pili kilio kikasikika, na fundi akaketi sakafuni akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. Waliongoja tangu alfajiri walikuwa wamefika. Aliyekimbia hakwenda popote. Wahenga hawakukosea: kawia ufike.